Ugonile

Muuza vyuma chakavu aliipima kwa kilo
kama kahawa ilivyopimwa enzi za ushirika:
kilo kumi na tisa, pamoja na panya mkavu tumboni.
Nikamlipa, nikaifunika turubai.
Mvua ya Tukuyu haimuulizi mtu kama amefika kwake.

Nyuma ya stendi, kwenye meza yangu ya redio, nikaifungua.
Nje ukungu, umelalia migomba.
Ndani ukungu, mweupe, umeota juu ya saketi.
Lugha imewapa jina moja hawa wawili,
na siku ile nikajua kwa nini.

Betri ilikuwa imelia.
Machozi yake ya kijani yamekula njia saba za shaba.
Mswaki mkuukuu, siki, spiriti,
kapasita zilizovimba vichwa nikazing'oa moja moja
kama kupe kwenye sikio la ng'ombe.
Michoro yake hakuna aliyeitunza, nikaichora mwenyewe:
waya huu unakwenda kwa nani, unarudi na nini.
Nagusa mguu wa tatu, wa kumi na moja unaitika.
Nagusa wa nne, kimya;
labda umekufa, labda haunijui.

Kila asubuhi kabla ya kuwasha naisalimu kama jirani:
Ugonile?
Umelalaje, wewe uliyelala miaka thelathini na kitu?
Haisemi ndaga.
Inayojibu ni fyuzi. Paa!

Hadi usiku mmoja, umeme umerudi saa nne,
kioo kikapiga chafya,
mstari mmoja ukajiandika polepole:
NENO LA SIRI?
Basi. Hapo tena ukuta.

Shangazi Sekela ndiye aliyekuwa mchapaji wake.
Miaka minne, sketi ya kijivu, vidole vyepesi,
akiingiza kilo za watu wa Masoko, wa Mwakaleli, wa Kiwira.
Nikampelekea habari, na sukari kilo mbili.
"Nimesahau," akasema, upesi mno,
akaendelea kumenya ndizi iliyokwisha kumenywa.
"Livunje tu hilo dude. Uza shaba."

Mkaidi hafaidi, wanasema, mpaka siku ya Idi.
Mimi ni Mmoraviani. Nikaendelea.

Konani kulikuwa na chipu yenye kidirisha cha kioo,
kimezibwa kwa plasta ya kidonda.
Fundi wa Dar alikichoma humo kila kitu, na lile neno pia;
kilichochomwa hakingoji betri.
Nikaunga swichi kumi na moja na taa nane nyekundu.
Napandisha swichi, nasoma taa, naandika kwenye kaunta buku.
Zikatimia kurasa sitini za moja na sifuri,
mke wangu akauliza kama nimeanza kucheza bahati nasibu.
Kisha, baada ya upuuzi mwingi:
sifuri, moja, sifuri, sifuri,
moja, sifuri, sifuri, sifuri.
H.

Nikaandika inayofuata. Na inayofuata.
Herufi saba. Jina la mwanaume.
Marehemu mumewe aliitwa Asegelile,
ambaye ana tisa, na hana H.

Taa zile nane niliziacha zikiwaka
mpaka jogoo wa mama Tumpe alipowika.

Jumapili, baada ya ibada, shangazi akaja.
Hajawahi kufika kibandani kwangu, hata redio yake ilipokufa.
Akasimama mlangoni na mwavuli unaochuruzika,
akaitazama ile mashine
kama mtu anavyomtazama aliyeketi benchi la mbele.
Kijiti cha kijani kilikuwa kinapepesa,
kinapepesa pale pale, baada ya alama ya kuuliza.
"Umelipata?"

Kaunta buku nilikuwa nimeikalia.

"Chipu imeungua, shangazi," nikasema. "Imegoma kabisa."
Nikanyoosha mkono nikazima swichi.
Doa dogo likabaki katikati ya kioo, likafifia.

Alifungua mwavuli humo humo ndani,
akanigeuzia mgongo,
akasema, kwa mvua au kwangu, sijui:
"Ndaga."